Moshi, Harufu na Mafuta: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu kwenye Injini Ndogo

Malalamiko mengi kuhusu jenereta, pampu za maji, misumeno ya mnyororo na mashine za kukatia nyasi huanzia kwenye dumu la mafuta. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mafuta, kisha unafuata dalili moja moja. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi ndiyo imetangulia. Usiruke hatua nyepesi ukakimbilia kufungua kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kwa sababu kabureta isiyo na kasoro ikishafunguliwa bila sababu huanza kuvuja mahali ambapo haikuwa ikivuja.

Pima mafuta kwanza

Fanya kazi hii nje, mbali na moto, injini ikiwa imepoa. Chota mafuta kutoka chini kabisa ya tangi, maana yaliyo kwenye dumu yanaweza kuwa safi na ya kwenye tangi yakawa machafu. Yatie kwenye chupa ya kioo inayoonyesha na uyaache yatulie dakika kumi. Maji huzama chini, yakaonekana kama matone au tabaka lenye mstari wake. Petroli iliyochakaa hugeuka rangi ya chai na kunuka kama vanishi. Petroli ya kawaida isiyotiwa dawa ya kuhifadhi huanza kuchakaa ikikaa zaidi ya siku 30 hivi, tena mapema zaidi kama chombo hakifungi vizuri au kinakaa juani.

Kama unashuku kuwa petroli imechakachuliwa, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka ndani ya dakika chache bila kuacha doa. Iliyochanganywa na mafuta ya taa au dizeli huacha doa la mafuta lisiloondoka. Kipimo hiki hakifai kwa petroli uliyokwisha kuitia oili ya tustroki (injini inayochoma oili iliyochanganywa na petroli), kwani oili yenyewe huacha doa.

Ethanoli nayo hupimika. Chukua bomba la kioo la kupimia la ml 100, tia maji ml 10, kisha jaza petroli hadi alama ya 100. Ziba, tikisa dakika moja, acha litulie. Mstari wa chini ukibaki kwenye 10, hakuna ethanoli. Ukipanda hadi karibu 19, maji yamevuta ml 9 za ethanoli kutoka kwenye petroli ml 90, yaani asilimia 10. Watengenezaji wengi wa injini ndogo wanaweka kikomo hapo hapo kwenye asilimia 10. Petroli uliyoipimia usiirudishe kwenye tangi.

Dalili: watu walio karibu na mashine wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu au kichefuchefu

Hapa hakuna cha kupima. Toeni watu wote nje kwenye hewa safi, ombeni msaada wa dharura, na asirudi mtu ndani kuzima mashine kabla hewa haijabadilika. Hiyo ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala au aliyelewa anaweza kufa bila kuhisi dalili hata moja.

Injini ndogo za kabureta hurekebishwa ziwe na mafuta mengi kidogo kuliko hewa inavyoweza kuyachoma, na nyingi hazina kichocheo cha kusafisha gesi kwenye ekzosi. Jenereta moja ya petroli inaweza kutoa kaboni monoksidi kama mamia ya magari ya kisasa. Kwa hiyo ekzosi isiyo na moshi si ushahidi wa usalama, wala kubadilisha petroli kwa gesi hakuiondoi hatari hii. Weka jenereta nje, angalau mita 6 kutoka dirishani na mlangoni, ekzosi ikielekea upande wa pili. Kufungua madirisha ya chumba, gereji au stoo hakutoshi. Kwa jambo hili hakuna nusu hatua.

Dalili: moshi mweusi, petroli inaisha haraka, plagi ya cheche ina masizi makavu

Mafuta ni mengi kuliko hewa. Uwiano unaochoma petroli yote ni takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Hewa ikipungua, kaboni isiyoungua hutoka ikiwa moshi, na kaboni monoksidi huongezeka pamoja nayo.

1. Chujio la hewa limeziba. Liondoe, uwashe injini kwa sekunde chache mahali pasipo na vumbi. Moshi ukipungua, umepata jibu. Chujio la sponji lifue kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, likaushe kabisa, lidondoshee oili kidogo, kisha likamue mpaka lisidondoshe. Oili ikizidi, injini itaivuta na moshi utarudi kwa rangi nyingine. Chujio la karatasi halifuliwi. Ligongegonge kidogo, na likiwa jeusi ndani nunua jipya.

2. Choki (kibati kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha) haifunguki yote. Angalia kibati chenyewe ndani ya mdomo wa kabureta, usiamini kishikio cha nje tu. Waya uliolegea huacha kibati kimefunga nusu huku kishikio kikionyesha kimefunguka.

3. Sindano ya floti (boya linalofunga petroli kabureta ikijaa) haizibi. Dalili yake ni petroli kudondoka kwenye kabureta mashine ikiwa imezimwa, na oili kuongezeka kwenye kijiti cha kupimia badala ya kupungua. Inusishe hiyo oili. Ikinuka petroli, usiwashe injini: oili imekuwa nyepesi, haiwezi kulinda bearingi, na mvuke ulio ndani unaweza kulipuka. Badilisha sindano na kiti chake, mwaga oili yote, tia mpya. Tangu siku hiyo funga koki ya mafuta kila unapozima.

4. Mashine imepelekwa mahali pa juu. Kuanzia mita 1,500 hivi hewa ni nyepesi kiasi kwamba jeti (kitundu cha kupimia mafuta kwenye kabureta) ya usawa wa bahari inamimina mafuta ya ziada. Dawa ni jeti kuu ndogo zaidi kutoka kwa mtengenezaji wa injini hiyo. Ukishuka nayo tena, rudisha ya mwanzo, maana jeti ya mlimani ikitumika chini huunguza pistoni.

Dalili: moshi wa buluu kwenye fostroki

Buluu ni oili inayoungua. Fostroki haichanganywi oili na petroli, kwa hiyo oili hiyo imepita mahali isipotakiwa. Usikate tamaa mapema ukaanza kuhesabu gharama za ringi za pistoni. Mara nyingi oili imejazwa kupita kiasi tu. Injini nyingi za nguvu ya farasi 5 hadi 7 hubeba karibu lita 0.6, na mtu akimimina lita nzima, ekzosi itamwambia. Pima mashine ikiwa imekaa sawasawa, punguza hadi alama ya juu, iache ifanye kazi dakika kumi na tano.

Sababu ya pili ni kuilaza mashine vibaya wakati wa kuisafisha au kuisafirisha. Unapoilaza mashine ya kukatia nyasi, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe juu. Ukiulaza chini, oili huingia kwenye silinda na kwenye chujio. Moshi huo huisha wenyewe baada ya muda, ila chujio lililolowa oili lazima lisafishwe au libadilishwe.

Baada ya hapo kagua vali ya kupumulia ya kreki, yaani ya chumba cha oili kilicho chini ya silinda. Ikiziba, shinikizo la ndani husukuma oili juu. Kama hata hiyo ni nzima, tazama moshi unatoka lini. Ukitoka kwa wingi unapowasha mashine iliyolala usiku kucha na kisha kupungua, au ukitoka unapoachia resi, shuku miongozo ya vali (valve guides) na sili zake, yaani mipira ya kuziba oili. Ukitoka muda wote na kuongezeka mashine ikibeba mzigo, shuku ringi au silinda iliyokwaruzika. Hapo mpe fundi mwenye kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Kubadilisha ringi bila kupima silinda ni kupoteza fedha.

Dalili: tustroki inatoa moshi mzito na kuchuruzisha uchafu mweusi kwenye ekzosi

Moshi mwepesi wa buluu kwenye tustroki ni wa kawaida, hasa ikiwa ya baridi. Katika tustroki ya kabureta ya mtindo wa zamani, robo hadi theluthi ya mchanganyiko mpya hutorokea kwenye ekzosi kabla ya kuungua, kwa sababu mlango wa kuingilia na wa kutokea huwa wazi kwa wakati mmoja. Hakuna marekebisho ya kabureta yatakayoondoa hilo. Unachoweza kudhibiti ni kiasi cha oili, aina yake, na ubora wa petroli.

Anza na kipimo. Kwa kila lita 1 ya petroli:

- uwiano wa 50:1 ni ml 20 za oili
- uwiano wa 40:1 ni ml 25
- uwiano wa 25:1 ni ml 40

Fuata kitabu cha mashine au maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha tangi. Tumia chombo chenye alama za mililita, kwani kifuniko cha chupa kilichokadiriwa kwa jicho ndicho kinachozaa malalamiko mengi ya aina hii. Tia nusu ya petroli kwenye dumu, ongeza oili yote, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Kabla ya kila kujaza tangi, tikisa upya.

Kuna imani kwamba oili ikizidi, injini inalindwa zaidi. Imani hii inaharibu mashine. Oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya mchanganyiko uleule, kwa hiyo kila tone la ziada linapunguza petroli inayofika kwenye silinda, joto linapanda, na kaboni inajijenga kwenye mlango wa ekzosi. Mwenye mashine ataona moshi mwingi na kudhani injini imeshiba, kumbe inaungua.

Aina ya oili hufuata. Kwa mashine za mkononi zinazopozwa kwa hewa, tafuta chupa iliyoandikwa JASO FD au ISO-L-EGD. Oili ya TC-W3 ni ya injini za boti zinazopozwa kwa maji. Haistahimili joto la msumeno wa mnyororo. Oili ya kawaida ya fostroki kwenye petroli ya tustroki huacha majivu kwenye plagi na kukwamisha ringi.

Kama kipimo na oili ni sahihi, na mashine inawaka vizuri ila haina nguvu ukivuta resi yote, fungua kifuniko cha ekzosi. Nyuma yake kuna wavu mdogo wa kuzuia cheche. Wavu ukiziba kwa kaboni, injini haiwezi kutoa pumzi. Usugue kwa brashi ya waya, na ukitoboka uweke mpya, usiuache bila wavu kwenye nyasi kavu. Ukishauondoa, chungulia mlango wa silinda. Kama kaboni imeuziba, sogeza pistoni iufunike mlango, kisha kwangua kwa kijiti cha mti. Bisibisi ya chuma itakwaruza pistoni na kazi itakuwa imeishia hapo.

Kwenye pikipiki za tustroki kuna sababu moja zaidi inayosumbua: sili ya kreki upande wa gia imekufa, na injini inanyonya oili ya gia. Moshi haupungui hata ukipunguza oili kwenye petroli, na oili ya gia inashuka bila kuvuja popote. Hiyo ni kazi ya kufungua injini, mpe fundi.

Anayefanya kazi kutwa nzima akiwa ameinamia ekzosi ya msumeno ana kila sababu ya kufikiria petroli ya alkileti. Ina benzini kidogo mno, haina ethanoli, na hukaa miaka bila kuchakaa ikiwa imefungwa. Tahadhari moja tu: injini ya zamani iliyozoea petroli ya kawaida inaweza kuanza kuvuja kwenye mipira baada ya kubadilishiwa, hivyo ikague bomba za mafuta wiki za mwanzo.

Dalili: hakuna moshi, lakini mngurumo unapanda na kushuka, injini ina joto kali au inapiga mbinja

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa kuliko zote kwa sababu mashine inaonekana safi. Hewa imezidi mafuta. Plagi hutoka nyeupe, wakati mwingine na vipele, badala ya kahawia hafifu. Kwenye tustroki hatari ni mara mbili, kwani mafuta pungufu maana yake ni oili pungufu pia.

Mara nyingi jeti ndogo imeziba kwa gundi ya petroli iliyochakaa. Mwaga petroli ya zamani, fungua bakuli la kabureta, toa jeti na uisafishe kwa dawa ya kabureta. Ikibidi kuchokonoa, tumia uzi mmoja wa nailoni. Waya wa chuma hupanua tundu, na baada ya hapo hakuna kipimo kitakachokaa sawa. Vaa miwani, maana dawa hiyo hurukia machoni kupitia vitundu usivyotarajia.

Jeti ikiwa safi, rudi kwenye kipimo cha ethanoli. Ethanoli huungua kwa uwiano wa 9:1 hivi, kwa hiyo inahitaji jeti kubwa kuliko petroli. Kwa asilimia 10 injini nyingi huvumilia. Ikizidi, jeti ileile inakuwa ndogo. Isitoshe ethanoli hunyonya maji. Yakifika kiasi fulani, maji na ethanoli hutengana na petroli na kuzama chini ya tangi, palepale bomba linapovuta. Mafuta ya namna hiyo hayatibiki kwa dawa ya chupa. Yatoe yote, safisha tangi, peleka taka mahali panapopokea mafuta machakavu, usimwage kwenye mtaro.

Kisha tafuta hewa ya wizi. Nyunyizia maji kidogo kwenye gasketi iliyo kati ya kabureta na silinda huku injini ikinguruma polepole. Mngurumo ukibadilika, hapo ndipo hewa inapoingia. Usitumie petroli wala dawa ya kabureta kwa jaribio hili, karibu na ekzosi yenye moto. Msumeno unaobadilisha mngurumo ukiugeuza huku na huku mara nyingi una sili ya kreki iliyochoka.

Mwisho kabisa ndipo ziguswe skrubu za kabureta. Nyingi za siku hizi zimewekewa vifuniko vya kikomo ili mashine isitoe uchafu kupita kanuni. Kuving'oa na kukisia kwa sikio ni njia fupi ya kuua pistoni, kwani mpangilio sahihi huhitaji kipimo cha mizunguko kwa dakika. Zima na ita fundi mara moja iwapo ekzosi inageuka nyekundu, unasikia kugonga kwa chuma, au kamba ya kuwashia imekuwa nzito ghafla.

Dalili: inawaka, inafanya kazi dakika chache, inazima, inawaka tena baadaye

Legeza kifuniko cha tangi. Ikiendelea kufanya kazi, kitundu cha hewa kwenye kifuniko kimeziba. Kisafishe. Isipokuwa hivyo, kagua chujio la mafuta kisha koili, ambayo hupoteza cheche ikipata joto.

Dalili: moshi mweupe kwenye injini ya petroli

Ukitoka asubuhi ya baridi na kuisha ndani ya dakika mbili ni mvuke wa maji, acha. Ukiendelea, kuna maji kwenye petroli, au mtu ametia dizeli kwa makosa. Dizeli hutoa moshi mzito wenye harufu yake, na injini hukataa kuwaka ikipoa. Mwaga tangi na bakuli la kabureta, safisha plagi, angalia na oili kama haijaongezeka. Kwenye injini inayopozwa kwa maji, moshi mweupe wenye harufu tamu pamoja na maji yanayopungua ni gasketi ya silinda hedi. Usiendelee kuiendesha.

Mafuta ya taa kwenye petroli yana sura yake: kuwaka kwa taabu ikiwa baridi, kugonga ikibeba mzigo, moshi, na oili kuwa nyepesi kwa sababu mafuta ya taa hayakauki kwenye kuta za silinda, yanateremka. Kumwaga tangi peke yake hakutoshi. Badilisha na oili.

Dalili za injini ndogo za dizeli

Moshi mweusi ni mzigo uliozidi, chujio la hewa, au nozeli (kifaa cha kunyunyizia dizeli ndani ya silinda) inayodondosha badala ya kunyunyiza, kwa mpangilio huo. Mweupe wenye kuwasha macho ni dizeli isiyoungua: injini baridi, kompresheni ndogo au muda wa kunyunyiza uliochelewa. Utelezi mweusi unaochuruzika kwenye ekzosi ya jenereta huja pale inapofanya kazi muda mrefu na mzigo mdogo, chini ya asilimia 30 ya uwezo wake. Ipe mzigo wa asilimia 70 kwa saa moja au mbili, kisha usirudie tabia hiyo.

Mafuta ya kupikia yaliyomiminwa moja kwa moja kwenye tangi huganda kuwa makaa kwenye ncha ya nozeli. Petroli kwenye tangi la dizeli hukausha pampu ya kunyunyizia. Ukigundua kabla ya kuwasha, usiwashe, mwaga. Nozeli usiijaribu kwa kidole kamwe. Shinikizo lake ni zaidi ya bar 100, linatoboa ngozi, na jeraha lake dogo kama la sindano ni la kupelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Injini za silinda moja zenye chujio la hewa la kuogea oili zina hatari yake. Oili ikijazwa kupita alama kwenye bakuli la chujio, injini huinyonya na kuichoma kama mafuta. Mizunguko hupanda, na kufunga dizeli hakusaidii. Ziba mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao bapa, si kwa kiganja wala kitambaa chepesi. Kama huwezi kuufikia bila kupita mbele ya gurudumu zito, ondoka na uondoe watu.

Dalili: jenereta ya gesi haibebi mzigo ilioubeba kwa petroli

Upungufu wa karibu asilimia 10 kwa propani ni wa kawaida, na kwa gesi asilia huzidi hapo. Ukizidi sana, tazama mtungi. Ukiwa na barafu nje, ni mdogo kwa kazi hiyo na gesi haigeuki mvuke kwa kasi inayotakiwa. Usiupashe moto, unganisha mtungi mkubwa zaidi. Mtungi usimame wima, kwani ukilala hupeleka gesi ikiwa bado kimiminika kwenye regyuleta. Viungo vipimwe kwa povu la sabuni. Ukisikia harufu ya gesi, funga vali, usiguse swichi yoyote, na kumbuka gesi ya mtungi, yaani propani, ni nzito kuliko hewa: hujikusanya sakafuni na kwenye mashimo. Regyuleta isiyoshika shinikizo haifunguliwi nyumbani, hubadilishwa na fundi wa gesi.